Mtoza Ushuru Langoni: Kodi na Haki Katika Mchezo wa Mezani

Mzazi akisikia kwamba mwanawe anacheza Dungeons & Dragons, swali lake la kwanza huwa juu ya mashetani. Katika miaka ya 1980 huko Marekani hofu hiyo ilikuwa kubwa, na wapo wazazi na wahubiri walioamini kwamba mchezo huu unawaingiza vijana katika uchawi. Mlezi yeyote ana haki ya kujua vijana wake wanacheza nini, kwa hiyo swali lake ni halali. Lakini mimi nikiketi mezani pamoja na vijana, joka na mchawi wa hadithini havinipi wasiwasi mkubwa. Kinachonifikirisha ni mfuko wa dhahabu, na namna tunavyomtendea mtu anayekuja kudai sehemu ya dhahabu hiyo kwa niaba ya mfalme.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, nieleze kwa kifupi. Watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi: yeye hueleza nchi ilivyo, vijiji, ngome, watu wa kawaida na maadui. Wengine, kila mmoja ana mhusika wake: askari, mwizi, mchawi, kuhani. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua pale penye mashaka. Hakuna mshindi wala mshindwa, na hadithi moja inaweza kuendelea juma kwa juma hata mwaka mzima. Mchezo huu uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974. Ulimwengu wake ni wa kubuni, lakini sehemu kubwa umeazimwa kutoka Ulaya ya Zama za Kati: mabwana na wakulima, majumba ya watawa, masoko yenye malango, na wafalme.

Palipo na mfalme pana kodi. Hapo ndipo ninapotaka kutoa maoni yangu. Nasema kwamba msimulizi anayeingiza kodi katika hadithi yake anashika jambo la maadili, atake asitake. Akilishika vibaya, anawazoesha wachezaji kuona kila mamlaka kuwa unyang'anyi na kila senti kuwa yangu peke yangu. Akilishika vizuri, anawapa nafasi adimu ya kupima haki kwa mikono yao wenyewe, wakiwa wamestarehe na bila kuhubiriwa. Kwa mseminari ambaye kesho atakabidhiwa daftari la parokia, na kwa mwamini anayelipa kodi na zaka kila mwaka, zoezi hilo si dogo.

Makosa matatu ya kawaida

Kosa la kwanza ni kuifanya kodi kuwa mkono wa msimulizi ndani ya mfuko wa wachezaji. Wamerudi kutoka pangoni na vipande 3,000 vya dhahabu. Msimulizi anaona wametajirika mno na kwamba hawatakuwa tena na haja ya kwenda hatarini. Basi ghafla langoni pa mji panazuka ushuru wa silaha, ushuru wa farasi, ada ya kuingia na ada ya kulala. Mwongozo wa wasimulizi ambao Gygax aliuandika mwaka 1979 una sehemu nzima juu ya ushuru, ada, kodi na zaka, na si vibaya kuwa nayo, maana miji ya kale kweli ilitoza vitu hivyo. Ubaya huja pale tozo lisipokuwa na sababu yoyote ndani ya hadithi yenyewe. Wachezaji si wajinga. Wanatambua kwamba wanaadhibiwa kwa kufanikiwa, na wanajifunza kwamba mwenye nguvu hudai kwa sababu anaweza kudai.

Kosa la pili ni kumfanya mtoza ushuru kuwa mwovu siku zote. Ni mnene, ana pete kila kidole, anamsukuma bibi kizee kwenye matope. Wachezaji wanamwua, wanagawana mfuko wake, kisha wanajiona wamewakomboa maskini. Hadithi za Robin Hood zimetuzoesha hivyo. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuipenda picha hiyo, kwa kuwa babu zetu walitozwa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa na wakoloni, na kumbukumbu ya mtu kukimbilia porini akimkwepa mtoza bado imo katika familia nyingi. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na isidharauliwe. Lakini anayemjua mtoza ushuru wa aina moja tu atashindwa kumwelewa Mathayo, aliyeitwa na Bwana akiwa ameketi forodhani.

Kosa la tatu halionekani kirahisi, nalo ni kutokuwa na kodi kabisa. Katika hadithi kama hizo barabara zipo, daraja lipo, askari wanalinda ukuta usiku na mchana, na hakuna anayeuliza nani anawalipa. Mambo ya wote yanachipuka yenyewe kama nyasi baada ya mvua. Mchezaji hutembea juu ya daraja lililojengwa kwa jasho la wengine, mfuko wake umejaa, na hadaiwi chochote na mtu yeyote.

Makosa haya matatu yana mzizi mmoja. Katika matoleo ya kwanza ya mchezo huu, kila kipande cha dhahabu ambacho mhusika alikitoa hatarini na kukirudisha salama kilihesabiwa kuwa alama moja ya kumpandisha ngazi. Dhahabu ndiyo iliyomkuza. Matoleo ya baadaye yalibadilisha hesabu hiyo, lakini tabia imebaki mezani: mchezaji huiona hazina kuwa sehemu ya nafsi yake, na anayeigusa amemgusa yeye. Sidhani kwamba tabia hiyo huishia mezani.

Kodi na unyang'anyi

Watu wa Zama za Kati waliuliza swali hili kwa uzito kuliko tunavyodhani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, anajiuliza kama mtu anaweza kunyang'anya bila kutenda dhambi, na hapo anawagusa wafalme moja kwa moja. Anafundisha kwamba watawala wakidai kwa raia kile wanachostahili kwa ajili ya kulinda manufaa ya wote, huo si unyang'anyi hata kama wanatumia nguvu. Lakini wakichukua kwa nguvu wasichostahili, wanakuwa wanyang'anyi sawa na majambazi wa njiani, na wanawajibika kurudisha. Tena anaongeza kwamba dhambi yao ni nzito kuliko ya majambazi, kwa sababu wanaihatarisha haki ileile waliyowekwa kuilinda.

Fundisho hilo linampa msimulizi kipimo. Mtoza akifika langoni, swali la kwanza si kiasi gani anadai. Tuulize kwanza anadai kwa ajili ya nini, na ni nani aliyekubali. Katika Uingereza ya mwaka 1215, mabwana walipomlazimisha mfalme John kuikubali hati iitwayo Magna Carta, kifungu cha 12 kilisema kwamba michango ya pekee isitozwe bila shauri la pamoja la ufalme, isipokuwa katika mambo matatu: kumkomboa mfalme akitekwa, kumfanya mwanawe wa kwanza kuwa shujaa wa farasi, na kumwoza binti yake wa kwanza. Hata katika hayo matatu, mchango ulipaswa kuwa wa kiasi. Kumbe hata chini ya mfalme mwenye upanga, kodi ilihitaji sababu inayotajwa kwa jina.

Msimulizi akijua hilo, tayari ana hadithi. Mfalme ametekwa na adui, fidia ni kubwa, na kila kijiji kinatakiwa kuchanga. Wachezaji wanasikia habari hii sokoni, wanaona mwanamke akiuza mbuzi wake wa mwisho, kisha wananong'onezwa kwamba nusu ya fedha imekwama kwenye kasha la bwana wa mkoa. Hapo kodi imekuwa jambo la kuamua, na kila mchezaji atalazimika kusema yuko upande gani.

Daftari na kijiti

Jambo la pili ni hesabu. Katika karne ya 12 hazina ya mfalme wa Uingereza ilikuwa na meza kubwa iliyotandikwa kitambaa chenye miraba, mfano wa ubao wa sataranji, na jina la ofisi yenyewe lilitoka kwenye ubao huo. Mtunza hazina aliketi upande mmoja na sherifu wa mkoa upande wa pili. Vihesabio vilisogezwa kwenye miraba hadi ijulikane ni kiasi gani sherifu amekusanya na kiasi gani bado anadaiwa. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa mfalme Henry II, aliyekuja kuwa Askofu wa London mwaka 1189, aliandika kitabu juu ya utaratibu huo, na humo anaufananisha na pambano la sataranji kati ya watu hao wawili. Kwa hiyo kodi na mchezo wa mezani ni majirani wa siku nyingi.

Risiti yao ilikuwa kijiti. Kilichongwa alama kulingana na fedha iliyolipwa: pauni 1,000 ilikuwa alama yenye unene wa kiganja, pauni 100 unene wa kidole gumba, pauni 20 unene wa kidole cha mwisho, na pauni 1 unene wa punje ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu yake. Siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa, na aliyeongeza alama kwenye nusu yake aliumbuka hapo hapo mbele ya wote.

Msimulizi asiyetaka kuwachosha watu kwa hesabu ndefu atumie kijiti hiki. Wachezaji wanamkuta mzee wa kijiji mwenye nusu ya kijiti mkononi, lakini nusu ya mtoza imepotea, naye anadai kijiji hakijalipa. Au wanakuta nusu mbili zisizolingana. Hakuna haja ya joka jioni hiyo. Naamini kijana aliyekwisha kumtafutia mzee huyo haki yake mezani ataelewa vizuri zaidi kwa nini tunasisitiza risiti katika michango ya jigo, na kwa nini mweka hazina mwaminifu hachukii kuulizwa.

Kichwa kimoja, kiasi kimoja

Jambo la tatu ni nani abebe mzigo. Mwaka 1377 Bunge la Uingereza lilipitisha kodi ya kichwa ya peni 4 kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 14 na zaidi, isipokuwa ombaomba. Mwishoni mwa mwaka 1380 likapitisha nyingine, wastani wa peni 12 kwa kila mtu wa miaka 15 na zaidi. Sheria ilisema matajiri wa kila kijiji wawasaidie maskini wa kijiji hichohicho. Maneno hayo ni mazuri kuyasikia, lakini kijiji kisichokuwa na tajiri hakikuwa na wa kukisaidia, na hapo maskini walilipa karibu kiasi chote. Watu wakaanza kuficha majina ya mabinti na wajane wao, serikali ikatuma wakaguzi, na mwaka 1381 wakulima wakaandamana hadi London.

Sisi watu wa Kanisa tunapaswa kuisoma habari hiyo tukiwa macho. Simon Sudbury, Askofu Mkuu wa Canterbury, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa serikali ya mfalme wakati kodi hiyo ilipoombwa. Tarehe 14 Juni 1381 umati ulimtoa ndani ya Mnara wa London na kumkata kichwa. Upande wa pili, miongoni mwa wahubiri wa waasi, alikuwako padre, John Ball, aliyenyongwa mwezi uliofuata. Mchungaji mmoja aliuawa kwa sababu ya kudai kodi, mwingine kwa sababu ya kuipinga. Siwezi kumsifu aliyeua, wala siwezi kujifanya kwamba wakulima hawakuwa na kilio cha haki.

Msimulizi anayetaka kuweka uasi katika hadithi yake asianze na mapanga. Aanze na kodi ya kichwa. Amwonyeshe mwenye kinu anayelipa kipande 1 cha fedha, na kibarua wa mwenye kinu anayelipa kipande 1 hichohicho. Wachezaji wataona wenyewe kwamba usawa wa tarakimu unaweza kuwa dhuluma ya watu. Mtu akishaliona hilo kwa mhusika anayempenda, hahitaji mhadhara mrefu kuelewa kwa nini mafundisho ya jamii ya Kanisa hudai mzigo ugawiwe kwa kadiri ya uwezo.

Kanisa nalo limo

Nimewahi kusoma hadithi nyingi za mchezo huu ambamo hekalu au nyumba ya watawa ipo kwa ajili ya kutibu majeraha tu. Wahusika wanaingia wakiwa wameumia, wanatoka wazima. Huo si ukweli wa Zama za Kati, wala haulisaidii Kanisa kuonekana jema. Kanisa lilipokea zaka: sehemu ya kumi ya nafaka, ya wanakondoo, ya sufu. Nyumba za watawa zilikuwa na mashamba na wapangaji. Mapokeo ya kale yalidai sehemu ya mapato hayo iwafikie maskini, na mahali pengi iliwafikia, na mahali pengine haikuwafikia.

Wafalme nao waliitamani mali hiyo. Mwaka 1296 Papa Bonifasi VIII alitoa hati iitwayo Clericis laicos, akikataza wakleri kulipa kodi kwa watawala wa kidunia bila ruhusa ya Kiti cha Kitume. Mfalme Edward I wa Uingereza alijibu kwa kuwaondolea wakleri ulinzi wa sheria: wasiolipa wasihesabiwe kuwa na haki ya kulindwa. Mwaka 1297 Papa alilegeza, akakubali kwamba katika dharura ya kweli mfalme angeweza kutoza bila kungoja ruhusa. Nani alikuwa na haki? Papa alitetea uhuru wa Kanisa, jambo zito. Mfalme alisema kwamba anayelindwa na ukuta achangie ukuta, nalo si jambo jepesi.

Nashauri msimulizi Mkatoliki asilifiche Kanisa la kubuni katika hadithi yake kwa kuogopa aibu. Aliweke lote: abati mwenye ghala lililojaa wakati wa njaa, na mtawa anayefungua ghala hilo usiku bila ruhusa. Mseminari akicheza upande wa abati kwa dakika ishirini, akatetea kwa nini nyumba inapaswa kuweka akiba, kisha akaona watoto wamesimama mlangoni, atakuwa amegusa swali ambalo litamfuata siku zote za upadre wake.

Mfalme aliyetuma watawa kusikiliza

Kama ningeruhusiwa kumpa msimulizi kisa kimoja tu, ningempa hiki. Mwaka 1247, Mtakatifu Ludoviko IX, mfalme wa Ufaransa, alikuwa anajiandaa kwenda vita vya msalaba. Kabla ya kuondoka alituma wakaguzi katika nchi yake, wengi wao ndugu Wafransisko na Wadominiko. Hawakutumwa kukusanya kodi. Walitumwa kusikiliza malalamiko ya watu dhidi ya maofisa wa mfalme mwenyewe: aliyenyang'anywa ng'ombe, aliyetozwa mara mbili, aliyefungwa bila kosa. Malalamiko yaliandikwa, na mfalme alikusudia kilichochukuliwa kwa dhuluma kirudishwe. Aliamini kwamba hawezi kwenda kuipigania Nchi Takatifu akiwa amebeba mali ya dhuluma.

Wape wachezaji wako kazi hiyo. Badala ya kuwa watu wenye silaha wanaotafuta hazina, wawe wakaguzi wa mfalme, wawili wawili, wenye barua ya muhuri na daftari tupu. Wanaingia kijijini na kuketi chini ya mti. Anakuja mjane, anakuja mwongo, anakuja mtoza mwenyewe akiwa na maelezo yake, ambayo huenda ni ya kweli. Mtoza huyo naye anadaiwa na mkubwa wake, na asipotimiza kiasi alichopangiwa analipa kutoka mfukoni. Dadu zitakuwa na kazi, na mapanga yanaweza kuchomolewa, kwa sababu mwenye kuogopa daftari huwa hatari kuliko joka. Lakini mwisho wa jioni wachezaji watakuwa wamefanya kazi ya hakimu, ya mwungamishi na ya katibu wa haki na amani.

Mfano: daraja la kijiji

Ili nisionekane naongea hewani, nitoe mfano mdogo ambao msimulizi anaweza kuutumia kesho. Mafuriko yamevunja daraja. Fundi wa mawe anataka vipande 600 vya fedha. Kijiji kina kaya 60, na bwana wa eneo ameamuru kila kaya itoe vipande 10. Hesabu imekaa sawa kwenye karatasi. Lakini kaya 12 ni za wajane, wagonjwa na waliopoteza mazao kwa mafuriko yaleyale. Zinabaki kaya 48, zinazoleta vipande 480. Pengo ni vipande 120.

Sasa msimulizi anyamaze na kuwaachia wachezaji. Je, kila moja ya kaya 48 iongeze vipande viwili na nusu? Mwenye kinu, ambaye magunia yake yote hupita darajani, atoe zaidi? Watawa ng'ambo ya mto, ambao watu wao huvuka kila siku ya soko, wachangie ingawa wanasema wana msamaha wa kodi? Wafanyabiashara wageni watozwe ada ya kuvuka kwa miaka miwili, na hilo litapandisha bei ya chumvi kwa nani? Au wachezaji wenyewe, wenye vipande 3,000 vya dhahabu begani, watoe pengo lote na kumaliza neno?

Wengi huchagua jibu la mwisho, na ni tendo la huruma. Lakini msimulizi asiliache liishe kirahisi. Mwaka unaofuata ukuta unabomoka, na kijiji kinawangoja wageni wenye dhahabu. Sadaka imeziba pengo, lakini haijajenga utaratibu wa haki, na wajane bado wamo kwenye orodha ya vipande 10. Tofauti kati ya sadaka na haki ni somo ambalo wengi wetu tumelisoma darasani na kulisahau. Daraja hili litalikumbusha kwa muda usiozidi nusu saa.

Najua watakaosema: tunaketi kucheza ili tupumzike na mambo ya kodi, wewe unatuletea kodi hadi kwenye hadithi. Wana haki ya kusema hivyo, na ninakubaliana nao kwa sehemu. Kodi ikigeuka kuwa karatasi za hesabu kila juma, mchezo umekufa. Ndiyo maana sishauri kutoza kila lango na kila soko. Kodi moja katika hadithi nzima inatosha, mradi iwe na sababu inayotajwa, kiasi kinachozingatia uwezo wa mtu, hesabu inayoweza kukaguliwa, na mahali ambapo aliyeonewa anaweza kwenda kulalamika. Kinachobaki kiende kwenye majoka, nami nitayafurahia.

Wapo pia watakaosema kwamba mchezo ni mchezo tu. Kwao nitasema kwamba sisi Wakatoliki hatuamini hivyo juu ya tendo lolote linalorudiwa mara nyingi. Fadhila hujengwa kwa mazoea, na kilema pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inahesabu kulipa kodi kuwa wajibu wa kimaadili unaotokana na kushirikiana katika manufaa ya wote, na namba 2409 inaweka ukwepaji wa kodi pamoja na aina nyingine za wizi. Nayo Maandiko hayamwachi mtoza: Yohane Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Zakayo hakuhukumiwa kwa kuwa mkubwa wa watoza ushuru. Alishuka kutoka mtini, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Katika habari hizo mbili mlipaji ana haki zake, na mtoza ana nafsi ya kuokolewa.

Kwa hiyo ndugu msimulizi, uwe frateri katika nyumba ya malezi au kijana wa parokia mwenye dadu mfukoni, mtoza ushuru atakapofika langoni juma lijalo usimlete kama mtego, wala usimlete ili auawe. Mpe jina. Mpe mkubwa anayemdai, na watoto wanaomngoja nyumbani. Mpe nusu ya kijiti mkononi. Kisha waache wachezaji wamwulize fedha hizi ni za nini, zimekubaliwa na nani, na kwa nini mjane huyu anadaiwa sawa na mwenye kinu. Naye ajibu. Vijana wakizoea kuuliza maswali hayo mezani, watajua namna ya kuyauliza, na kuyajibu, siku watakapokabidhiwa fedha za watu.